Vidole viwili vya Mwenda: Gwiji wa gitaa kavu aliyekuja Nairobi kuuza dawa ya kichwa

Jumamosi moja jioni nilikuwa Woodley, kwa sherehe ya rafiki aliyekuwa anatimiza miaka 25. Nyumba ndogo, watu wengi, stima imepotea na spika imekufa nayo. Kila mtu alikuwa ameanza kuangalia betri ya simu yake na kutafuta sababu ya kwenda nyumbani. Ndipo dada mmoja aliyekuwa amekaa kimya kwenye kona akafungua begi, akatoa kitu kilichofanana na gitaa lililofuliwa kwa maji moto likanywea.

Ukulele. Nyuzi nne tu. Tulicheka, sitadanganya. Jamaa mmoja hata aliuliza kama amemnyang'anya mtoto wa dada yake.

Kisha akaanza kupiga, na mimi mpaka leo sijui nieleze vipi. Hakuwa anakwaruza nyuzi zote pamoja vile wengi hufanya. Alikuwa anadonoa uzi mmoja mmoja, kidole gumba kikienda njia yake na cha shahada kikienda yake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya watu wawili wanaobishana lakini wanaelewana. Waliokuwa wamekaa sakafuni walisimama. Walisimama ili waone vidole. Mtu mmoja alimulika mkono wake kwa tochi ya simu, na hakuna aliyemwambia azime.

Baadaye nilimuuliza alijifunza wapi. Akaniambia ni mtandaoni, kwa kurudia video pole pole, na kwamba ule mtindo sio wake. Ni wa Mkongo mmoja aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, mtu aliyewahi kuishi hapa Nairobi na kuwafanya wapiga gitaa wa jiji hili wajione bado wako darasa la kwanza. Jina lake Mwenda Jean Bosco.

Nilirudi nyumbani nikaanza kumtafuta. Nilichokipata ndicho hiki.

Kwanza fikiria shida ya msee aliyependa gitaa mwaka wa 1955. Leo ukisikia kitu kimekubamba, unakitafuta, unaona mikono ya mpigaji, unapunguza kasi, unarudia mara 40. Wakati ule ulikuwa na santuri. Santuri ni sahani nyeusi inayozunguka mara 78 kwa dakika, kila upande una kama dakika tatu, na ukiiangusha inavunjika kama sahani ya udongo. Ukitaka kurudia unainua sindano kwa mkono na kuirudisha nyuma, kila mara ukiikwaruza kidogo zaidi. Unasikia tu. Mikono huioni. Na santuri iliyosumbua vichwa vya wapiga gitaa kutoka Katanga mpaka huku kwetu ilikuwa na wimbo unaoitwa Masanga. Ukiusikia mara ya kwanza utaapa kwamba ni magitaa mawili. Ni moja.

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 Bunkeya, kusini mashariki mwa Kongo, enzi hizo koloni la Ubelgiji. Usipite hapo haraka, kwa sababu Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Miongo kadhaa kabla, ilikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa Wasumbwa, akaenda kutafuta shaba na pembe za ndovu na kuishia kujenga ufalme. Watu wake wakaitwa Bayeke. Misafara ya kutoka pwani ya Kiswahili ilifika kwake ikibeba nguo na bunduki, ikarudi na pembe, shaba na watumwa. Mnamo Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kubebewa mizigo na wapagazi kutoka Zanzibar, ulifika Bunkeya kutaka Msiri akubali bendera yao. Alikataa. Ofisa mmoja wa msafara huo, Bodson, akampiga risasi akafa.

Jina la Mwenda linatoka humo humo. Ni jina la kifalme la Bayeke. Msiri mwenyewe alilibeba. Kwa hivyo kijana wetu wa gitaa alikua kwenye mji ambao kila mzee alikuwa na hadithi ya jinsi walivyokuwa wakubwa na jinsi walivyoporwa. Pia ndiyo sababu, kwa kiasi fulani, Kiswahili kilikuwa kimefika huko hata kabla ya migodi.

Migodi ndiyo iliyofanya yaliyobaki. Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, ulikuwa umbali usio mrefu kutoka Bunkeya, na uliwavuta watu kutoka pande zote: Waluba, Wabemba, watu wa Rwanda na Burundi, watu wa Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na wengine kutoka Angola. Walihitaji lugha moja ya kugombania foleni na kutongozana, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Sio kile cha Mombasa. Kiswahili cha Katanga kina mwendo wake, na Mkenya akikisikia anaelewa nusu, anacheka robo, na robo iliyobaki anakisia. Nyimbo nyingi za Mwenda ziko katika lugha hiyo. (Na kama unadhani Kenya na Katanga hazijuani: kule Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kuna mtaa mzima unaoitwa Kenya, na kundi moja maarufu la muziki na vichekesho la miaka ya 1950, JECOKE, lilibeba jina la mtaa huo. Ndio, kuna watu wa Kenya ambao hawajawahi kufika Kenya.)

Gitaa lilikuwa limeshafika. Ni kifaa cha kuzurura. Huyo ukulele wa Woodley ni mjukuu wa gitaa dogo ambalo Wareno wa kisiwa cha Madeira walilibeba kwenda Hawaii mwaka wa 1879 walipoenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na Wareno hao hao walikuwa jirani na Katanga upande wa Angola. Mabaharia, wanajeshi, maduka ya migodini, kila mmoja alileta lake. Pamoja na magitaa zilikuja santuri za Kuba, za makundi kama Trio Matamoros, na zikaja filamu za mchunga ng'ombe wa Marekani anayeimba juu ya farasi. Mwenda alizisikia zote, na alisikia pia muziki wa kienyeji wa Kongo mashariki na wa Zambia. Hakuchagua kimoja. Alivichemsha vyote kwenye sufuria moja.

Mwezi Februari 1952, Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey aliwasili Jadotville. Tracey alikuwa anazunguka Afrika na mitambo ya kurekodi akikusanya muziki, na kama jina lake linakupigia kengele ni kwa sababu miaka miwili kabla alikuwa hapa Kenya. Ni yeye aliyewarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, yule kiumbe nusu mtu nusu swara ambaye kumbe alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye gramafoni.

Jadotville, Tracey alimkuta kijana wa miaka kama 22 akipiga gitaa barabarani. Kijana alikuwa Mwenda. Walirekodi nyimbo kadhaa, Masanga ikiwemo, na mwaka huo huo Masanga ikashinda tuzo ya kwanza ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. Kutoka barabarani hadi tuzo, ndani ya mwaka mmoja. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikaanza kutoa santuri zake, moja baada ya nyingine, hadi nyimbo zake zikafika makumi kwa makumi.

Sasa nieleze ni nini hasa alichokuwa anafanya, maana hapa ndipo watu hupenda kurusha maneno matamu kama fundi, gwiji, nyota, na kukuacha hujui chochote. Gitaa lina nyuzi sita. Tatu za juu, zile nene, zina sauti nzito. Tatu za chini zina sauti nyembamba. Mpigaji wa kawaida wa wakati ule, aliyejifunza kwa filamu za mchunga ng'ombe, alikwaruza zote pamoja na kuimba juu yake. Mwenda alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nzito bila kusimama, kama mtu anayetwanga. Shahada ikacheza wimbo wake kwenye nyuzi nyembamba, na mara nyingi haikuangukia pale gumba lilipoangukia. Ilijibu kati kati. Sikio lako linasikia mapigo mawili tofauti na kuamua kwamba lazima kuna watu wawili.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo mimi ndilo linalonishangaza zaidi. Hakurudia. Wimbo ukienda mzunguko wa kwanza, wa pili unakuja na mabadiliko, wa tatu tena. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa na santuri hizo akaandika kila noti kwenye karatasi, na kazi yake kuhusu ubunifu wa gitaa la Mwenda ikachapishwa katika jarida la African Music mwaka wa 1961 na wa 1962. Sehemu mbili, miaka miwili, kwa ajili ya vidole viwili.

Santuri zilisafiri. Redio ya Lusaka ilikuwa inasikika mbali, na kuanzia mwaka wa 1949 kulikuwa na redio ndogo ya betri iliyotengenezewa Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini, ya mviringo, watu wakaiita sufuria. Nyimbo za Katanga zilipenya mpaka Tanganyika, Uganda na Kenya. Kwa kuwa zilikuwa za Kiswahili, hakuna aliyezisikia kama muziki wa nje kabisa.

Hapo ndipo Nairobi inaingia.

Nairobi ya mwishoni mwa miaka ya 1950 usiifikirie kama hii. Hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Mwafrika alitembea na kipande. Mji ulikuwa umekatwa kama keki: Wazungu huku magharibi na kaskazini, Wahindi Ngara, Parklands na kwingineko, Waafrika Eastlands, kuanzia Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo hadi Bahati. Woodley, ndiyo, hii hii ambapo tulikuwa tunamulika vidole vya dada wa ukulele, ilikuwa mtaa wa Wazungu, nyumba za bustani na ua wa michongoma, na ng'ambo tu ya barabara kukiwa na Kibra ya Wanubi. Mwafrika aliyekuwa Woodley usiku alikuwa mpishi, yaya au bawabu, na alilala kwenye vyumba vya nyuma. Nyingi ya hizo nyumba za zamani sasa zinabomolewa kupisha maghorofa, na tukiwa waungwana tuseme kwamba huzuni ya kuzipoteza ni halali, ila tusisahau zilijengewa nani.

Katika mji huo alikuwepo promota anayeitwa Peter Colmore. Alikuwa Mwingereza, mwanajeshi wa zamani, mtu wa matangazo na burudani, na alielewa jambo ambalo serikali haikulielewa: Mwafrika wa mjini ana pesa kidogo, ana masikio, na atanunua kitu akikisikia kimeimbwa na mtu anayemheshimu. Colmore ndiye aliyewaleta Nairobi Wakongo wawili, Edouard Masengo na Mwenda Jean Bosco. Mwenda akaajiriwa kutangaza Aspro.

Ndiyo, Aspro. Vidonge vya kichwa. Mtu ambaye gitaa lake lilishinda tuzo, ambaye wasomi walikuwa wanaandika noti zake kwenye majarida, alikuja jijini kuwaambia watu wakiumwa kichwa wameze nini. Ukicheka, kumbuka wasanii wetu wa leo wanatangaza bahati nasibu, mikopo ya simu na unga wa ugali, na hatusemi kitu. Mwenda alikuwa kile tunachokiita siku hizi mshawishi wa mitandao, ila mtandao wake ulikuwa redio na maonyesho ya hadhara. Alikuwa na kipindi chake redioni, cha kila mara, na watu walikaa karibu na redio ya jirani kumsubiri. Tangazo la dawa lilikuwa bei ya kiingilio. Ulisikiliza Aspro ili umsikilize Mwenda.

Na kwa wapiga gitaa wa Nairobi kulikuwa na zawadi kubwa kuliko kipindi. Sasa waliweza kumwona. Miaka yote walikuwa wameinua na kurudisha sindano, wakikisia ni watu wangapi wanapiga. Sasa mtu mwenyewe yuko mbele yako, mmoja, na gitaa moja, na unaweza kusimama karibu uangalie mkono wa kulia. Vidole viwili. Hakuna cha tatu kilichofichwa.

Natamani ningekuwepo. Nimejaribu kuwaza nyuso zao na kila mara narudi kwenye zile nyuso za Woodley zilizomulikwa na tochi ya simu. Kusikia kitu ambacho hukiamini ni jambo moja. Kukiona kikifanyika, kwa mikono kama yako, ni jambo lingine kabisa, kwa sababu sasa huna kisingizio.

Hakukaa sana Nairobi. Lakini ushawishi wake ulibaki kwa kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya, waliojifunza kudonoa badala ya kukwaruza. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu kuna ndugu zangu wa magharibi watanijia. Ubingwa wa gitaa kavu wa Uluhyani, ule unaoitwa omutibo, haukuagizwa kutoka Kongo kama mzigo. George Mukabi, mwana wa Kisa, aliutoa mapigo yake kwenye ngoma ya sukuti, akiwa na chupa ya soda inayogongwa pembeni kushika mwendo. Mukabi aliuawa mwaka wa 1963, bado kijana. Huyo anastahili makala yake. Ninachosema ni kwamba Nairobi ya wakati ule ilikuwa na masikio mawili, moja likisikiliza Katanga na lingine likisikiliza nyumbani, na magitaa yetu bora yalitoka katikati.

Masengo ndiye aliyebaki Nairobi kwa muda mrefu, hadi kuingia miaka ya 1960. Mwenda alirudi kwao, na kwao kulikuwa kunawaka.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moise Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa yule yule Msiri wa Bunkeya. Januari 1961 Patrice Lumumba alipelekwa Katanga akauawa huko. Vita, wanajeshi wa kukodiwa, majeshi ya Umoja wa Mataifa, wakimbizi. Katanga ilirudishwa ndani ya Kongo Januari 1963. Msanii yeyote wa Elisabethville aliyetaka kuishi kwa gitaa tu katika miaka hiyo angelala njaa.

Mwenda hakuwa mtu wa kulala njaa. Hili ndilo jambo ninalompendea kuliko hata tuzo. Alifanya kazi benki. Alifanya kazi kwenye kampuni ya madini. Alisimamia bendi za wengine. Baadaye akawa na hoteli Musoshi, mpakani na Zambia, mahali ambapo malori lazima yasimame na madereva lazima wale. Ukisoma maisha ya wanamuziki wa Afrika Mashariki wa kizazi hicho utachoka na mwisho ule ule: umaarufu, santuri, pombe, umaskini, mchango wa mazishi. Yeye alikataa kuingia kwenye hadithi hiyo. Aliamka asubuhi akaenda kazini kama mzazi wako, na jioni akashika gitaa.

Kulikuwa pia na sababu nyingine. Masikio ya watu yalikuwa yamehama. Rumba ya umeme kutoka Leopoldville, ile ya Franco na Tabu Ley, ilikuwa imefagia kila baa kutoka Kinshasa hadi River Road. Gitaa moja kavu na sauti ya mtu mmoja lilionekana kitu cha kizamani, cha wazazi. Ni ukatili wa kawaida wa muziki: yale magitaa ya rumba yanayozungukana na kujibizana yanafanya kwa watu watatu kile ambacho Mwenda alikuwa akifanya peke yake, na bado ndiye aliyeonekana amepitwa.

Lakini ng'ambo walikuwa hawajamsahau. Julai 1969 alipanda jukwaani Marekani, kwenye tamasha la Newport, tamasha kubwa kuliko yote ya muziki wa gitaa kavu wakati huo. Mwaka huo walikuwepo Johnny Cash na Joni Mitchell. Ilikuwa wikendi ile ile ambayo binadamu alikanyaga mwezini, na inakumbukwa kwamba waandaaji walimkatiza James Taylor akiwa jukwaani ili watangaze habari hiyo. Kijana wa barabarani Jadotville, mzawa wa mji wa Msiri, alikuwa sehemu ya wikendi hiyo. Hapa kwetu ni wangapi wanajua?

Mwaka wa 1971 Mobutu akaibadilisha Kongo kuwa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na baadaye majina ya Kikristo ya Wazungu yakapigwa marufuku. Jean Bosco akaondoka, akabaki Mwenda wa Bayeke. Wengi walilazimika kubuni jina jipya. Yeye alirudi tu kwenye la zamani, na ukiniuliza, lilimkaa vizuri zaidi.

Mwaka wa 1979 mpiga gitaa mmoja Mwingereza, John Low, alisafiri mpaka Shaba kuwatafuta wale mabingwa wa zamani: Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Alitaka kitu kimoja, kukaa mbele yao na kuona vidole. Aliandika safari hiyo kwenye kitabu kidogo, Shaba Diary, kilichotoka 1982. Fikiria hilo. Zaidi ya miaka 25 baada ya Masanga, baada ya noti zote kuchapishwa kwenye jarida, bado ilibidi mtu apande magari na kuvuka mipaka ili aone kwa macho. Karatasi haikutosha.

Ninakasirika kidogo hapa, na mhariri akiliacha nitashukuru. Uchambuzi wa muziki wa Mwenda umeandikwa na Waingereza, rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini na kuuzwa tena Marekani, na vijana wa Ulaya wanaupiga Masanga kwenye video kutoka vyumba vyao vya kulala. Mimi nimesomea shule za Nairobi, nimeimba kwenye tamasha za muziki za shule, na sikuwahi kulisikia jina lake mpaka stima ilipopotea Woodley.

Katika miaka ya 1980 aliitwa Ulaya kupiga, na mwaka wa 1988 akiwa Cape Town alirekodi upya nyimbo zake studioni, kwa vifaa vizuri, bila ule mkwaruzo wa santuri. Ukizisikiliza rekodi hizo unasikia mtu wa miaka 58 ambaye vidole vyake havina haraka tena lakini havijasahau kitu. Sauti imekuwa nzito. Gumba bado linatwanga.

Septemba 1990 alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Wiki iliyopita nilimpigia dada wa ukulele nikamuuliza Masanga imefika wapi. Akaniambia imekwama. Kwenye ukulele uzi wa nne, ule wa juu kabisa ambao gumba hulitafuta, hauna sauti nzito kama wa gitaa. Umefungwa sauti nyembamba, karibu sawa na wa kwanza. Gumba linapofika pale kutafuta besi, halikuti kitu. Amekuwa akijaribu kuipachika besi hiyo mahali pengine, kwenye uzi wa tatu, na kila akifanya hivyo kidole cha shahada kinapoteza njia. Kwa hivyo ameamua kuweka pesa kidogo kidogo anunue gitaa la mtumba. Ameshaliona moja Toi, limepasuka ubavuni, nyuzi tano kati ya sita, na muuzaji amekataa kushuka bei.